Grafu ya Chiriku

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na viti viwili vya wageni, kimoja kimelemewa na rundo la madaftari. Hakuna aliyeyaondoa, kwa hiyo binti akaketi na baba akasimama nyuma yake, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi kwenye kesi asiyoijua.

"Karibu, mzee," alisema mwalimu mkuu. "Huyu anaweza kusubiri nje peke yake, au anahitaji mtu wa kumshika mkono?"

"Huyu anasikia, mwalimu," alijibu binti mwenyewe. "Shikamoo. Kwa ruhusa yako, nitakaa hapa hapa."

Nyumbani na mtaani walimwita Chiriku. Alipofuka macho kabla hajaanza shule, baada ya homa kali, na tangu hapo mdomo ulikuwa kama umechukua kazi yote ya macho. Aliuliza, alisimulia, alibisha, alicheka, na pale mtu alipodhani amemaliza ndipo alipokuwa anaanza. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba, na katika darasa la hesabu hakuna aliyependa kuitwa ubaoni mbele yake, maana alikuwa akisahihisha makosa kwa kusikiliza tu.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alizungumza polepole, kwa sauti ya kubembeleza, akimtazama baba. Alisema shule inampenda binti. Alisema juhudi zake zinajulikana. Lakini mwaka huu hesabu imeingia kwenye michoro. Mtahiniwa anapewa mlinganyo, anatakiwa achore grafu yake, aonyeshe inapopanda, inaposhuka na inapogeuka.

"Sasa asiyeona atachoraje, mzee? Alama zote hizo zitakwenda na maji, na yeye ataumia bure. Tumeonelea ahamie darasa la historia na fasihi. Ni kwa faida yake."

Baba alikuwa fundi wa makochi. Mbele ya kochi lililovunjika mgongo hakukosa la kusema, ila mbele ya meza yenye bendera ndogo na kalamu zilizopangwa, ulimi wake uligeuka jiwe. Alimwona mwalimu mkuu akimsubiri. Akaona saa ukutani. Akaona hata simba mdogo wa plastiki aliyekalia karatasi zisipeperuke.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Chiriku aligeuza uso kule ilikotoka ile sauti, akabaki hivyo kwa muda, kana kwamba anangoja baba yake aseme neno jingine.

*

Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa kupita mbele ya gereji, kisha mtaa wa mafundi vyuma, kisha kuvuka mtaro. Siku zote Chiriku alikuwa akiitangaza njia: hapa wameanza kupika, hapa kuna lori jipya, yule fundi vyuma leo ana kikohozi. Siku hiyo hakusema kitu. Mkono wake ulikuwa kwenye kiwiko cha baba kama kawaida, lakini umekaa pale kama mkono wa abiria. Baba akaogopa. Kelele za mwanawe alizizoea, kimya chake hakukijua.

"Mama," alimwita, maana hivyo ndivyo alivyomwita alipotaka kumbembeleza, "historia nayo si mbaya."

"Umesema sawa."

"Nilisema sawa ya kuitikia tu. Si unajua mtu akisema na wewe unaitikia."

"Mwalimu hakusikia kuitikia, baba. Alisikia mzazi wangu amekubali." Akavuka mtaro bila kungoja kuambiwa urukwe wapi. "Hata mimi nilisikia hivyo."

Mama alikuwa amesharudi kutoka hospitali, alikofua mashuka. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, vidole vyake vimekunjamana kwa maji na dawa. Alipowaona wanakuja bila kelele alijua mambo yameharibika. Baba akamweleza, akiruka sehemu moja na Chiriku akiirudisha.

"Yaani hukumuuliza swali hata moja?" alisema mama.

"Swali gani, mke wangu? Mimi hiyo grafu naijua? Ningeuliza nini?"

"Si ungeuliza hilo hilo! Ungesema, mwalimu, grafu ni kitu gani, na mwanangu anashindwa nini humo? Mtu hafi kwa kuuliza." Akainuka, akaingia ndani, na kutoka huko sauti yake ikaendelea: "Mimi kila siku nauliza doa hili la nini, doa lile la nini, mpaka madaktari wananikimbia. Na kazi yangu ni kufua tu!"

Baba akabaki uani, kofia bado mkononi. Hasira ya mke wake aliijua ilivyo. Ingewaka, ingezima, chai ingekuja. Kilichomchoma ni kingine. Miaka yote hiyo alikuwa akimpeleka binti shuleni na kumrudisha, akijisifu kwa majirani kwamba ana profesa ndani ya nyumba, na hakuwahi kumuuliza huyo profesa anasoma nini.

*

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati upande wa barabara, na humo alikuwa na kochi kubwa la mama mwenye duka la dawa, limevuliwa kitambaa chote, limebaki mbao na springi. Chiriku alikuja na kuketi juu ya gunia la sponji kama alivyozoea tangu utotoni. Baba akatoa misumari mdomoni.

"Haya," alisema. "Grafu ni nini?"

Chiriku alimpima kwanza kama anatania. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe mkono wako. Kochi lenye mgongo wa mawimbi liko wapi?"

Alimpeleka kwenye kochi jingine lililokuwa tayari, mgongo wake ukipanda, kushuka, na kupanda tena. Chiriku akaweka kiganja cha baba yake mwanzoni mwa mgongo ule, akaanza kukisukuma.

"Fumba macho. Sasa mkono wako unafanya nini?"

"Unapanda."

"Unapanda kwa kasi au polepole?"

"Kwanza kwa kasi. Sasa polepole."

"Hapa je?"

Baba akasita. Kiganja kilikuwa juu kabisa ya wimbi. "Hapa haupandi wala haushuki."

"Hapo mteremko ni sifuri. Kitu chote ndicho hicho, baba. Wenzangu wanaoona wakipewa mlinganyo wanaanza kuokoteza namba. Eksi ikiwa moja, eksi ikiwa mbili, eksi ikiwa mbili na nusu, wanatia vidoti mpaka daftari linakuwa kama limeugua surua. Kisha wanaunganisha kwa kubahatisha. Lakini kalkulasi, hii hesabu ya mabadiliko, inakuambia mteremko wenyewe. Ukishajua mteremko ni sifuri wapi, na kabla ya hapo ulikuwa unapanda au unashuka, na baada ya hapo ikawaje, basi umbo lote unalo. Huhitaji kuliona. Hata wao hawalioni mpaka wamalize."

"Nipe mfano."

Alimpa. Eksi kipeo cha tatu, toa sita eksi mraba, jumlisha tisa eksi. Alitafuta mteremko wake kichwani huku akichezea kipande cha uzi: tatu eksi mraba, toa kumi na mbili eksi, jumlisha tisa. Huo unakuwa sifuri kwenye moja na kwenye tatu. Kabla ya moja grafu inapanda, kati ya moja na tatu inashuka, baada ya tatu inapanda tena. Kwenye moja imefika juu kwa nne. Kwenye tatu imeshuka mpaka ikagusa mstari wa mlalo, ikaugusa tu bila kuuvuka, ikarudi juu.

Baba hakuelewa namba zilivyopatikana. Ila alielewa kilima kimoja na bonde moja, na alielewa kwamba binti aliyeketi juu ya gunia la sponji alikuwa anaviona kwa namna ambayo yeye mwenye macho mawili hakuwahi kuona kitu.

"Basi ukijua yote hayo," alisema, "kinachokosekana ni nini?"

"Pa kuyaweka. Kalamu nikiandika siwezi kugusa nilichoandika. Nukta nundu zinaandika maneno na namba, hazichori mkunjo. Nahitaji karatasi yenye miraba ninayoweza kuipapasa, na mstari ninaoweza kuushika."

Baba alitazama karakana yake. Kitambaa, uzi, misumari yenye vichwa vya mviringo, sponji, turubai, gundi. Akacheka peke yake.

"Mama," alisema, "hebu sogea kwenye hilo gunia."

*

Ubao wa kwanza ulikuwa aibu. Aliutengeneza kwa sponji, akidhani ulaini ndio utamfaa mtoto, na pini za kutia alama zikazama mpaka vichwa vikapotea. Chiriku alicheka hadi akashika mbavu. "Baba, hii ni grafu au ni mto wa kulalia?"

Ubao wa pili aliutengeneza kwa mbao laini, akashona miraba juu ya turubai kwa cherehani, mistari imenyooka kama rula. Kisha akalivuta turubai juu ya ubao kama anavyovuta kitambaa cha kochi, akapigilia. Alipomkabidhi alijiona kidume. Chiriku akapitisha vidole kushoto, akapitisha kulia, akarudi kushoto.

"Miraba ya huku imenenepa."

"Haiwezekani. Nimepima."

"Ulipima kabla ya kuvuta au baada ya kuvuta?"

Baba akapiga paji la uso. Fundi wa miaka yote hiyo, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Akaung'oa wote. Safari hii alivuta turubai kwanza, likakaza kama ngoma, ndipo akatandaza nyuzi juu yake moja moja, akizifunga pembeni kwa misumari midogo. Kwa mistari miwili mikuu, wa mlalo na wa wima, alihitaji kitu kinene zaidi ili vidole visichanganye. Kamba nene ya kupambia ukingo wa kochi ilifaa kabisa. Ilikuwepo pale mezani, imeviringwa, mpya.

Ilibaki mstari wenyewe wa grafu. Chiriku alianza na uzi, akiuzungusha kwenye pini. Ukawa na kona kila penye pini, kama paa la nyumba.

"Hapana," alisema, akiupapasa. "Kwenye kilele lazima ulale. Mteremko ni sifuri pale. Ukiwa na kona, nimedanganya."

Wakajaribu ukanda wa ngozi, ukagoma. Wakajaribu waya wa springi, ukamrukia Chiriku kidevuni. Mwishowe baba akaenda kwa fundi umeme wa jirani, akarudi na kipande cha waya wa taa, wa shaba ndani na plastiki nje. Chiriku aliukunja kwa vidole, ukakubali na ukabaki ulivyokunjwa. Akaupandisha, akaulaza kidogo juu ya kilele, akaushusha. Akapitisha kidole mara nyingi, tabasamu likimpanuka kila anapofika mahali ulipolala.

"Huyu," alisema. "Huyu ananisikia."

*

Mwalimu wa hesabu alikuwa mwanamke kijana, mgeni kazini, anayevaa miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Alikuja nyumbani bila kuitwa, jua likiwa bado kali, akasimama uani akijifuta jasho.

"Mimi sikuulizwa alipohamishwa," alisema. "Ningeulizwa ningekataa. Nimekuja kuwaambia kwamba ofisa wa elimu anakuja kukagua shule yetu wiki ijayo. Nimemwomba mwalimu mkuu ampe binti swali mbele ya huyo ofisa. Amekubali kwa shingo upande. Amesema akishindwa, neno hili lisisikike tena."

"Na akiweza?" mama aliuliza.

"Hakusema."

"Basi wewe ungeuliza," mama alisema, lakini alisema huku akimpa kiti.

Walipomwonyesha ubao, mwalimu aliinama juu yake, akavua miwani, akaugusa. Akampa Chiriku mlinganyo mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, na uani pakawa darasa. Baba akakata waya vipande vya urefu mbalimbali. Mama akasahau chungu jikoni mpaka kikanuka.

Katikati ya siku hizo mama mwenye duka la dawa alikuja kuchukua kochi lake. Alikuja na wageni wawili, maana alitaka kuwaonyesha. Kochi lilikuwa vile vile, springi nje.

"Fundi, hiki ni kiti au mifupa ya ng'ombe?"

"Nivumilie kidogo, mama. Nilipata dharura."

"Dharura gani?" Macho yake yakaangukia ubao ulioegemezwa ukutani. "Na hiyo si kamba yangu? Kamba niliyoichagua mwenyewe dukani, rangi ya zambarau? Umeipigilia kwenye ubao?"

Fundi vyuma wa kibanda cha pili alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Nimeiazima," alisema baba. "Nitakununulia nyingine."

"Umeiazima kwa kazi gani?"

"Ya hesabu. Ya binti yangu. Hiyo ni mistari mikuu ya grafu."

Wageni wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. "Kipofu anachora grafu?" alisema, si kwa ubaya mkubwa, ila kwa namna ile ya mtu aliyesikia kichekesho na hataki kukiacha kipite. Kicheko kikaanzia kwake, kikafika kwa fundi vyuma.

Baba hakuitikia. Alisimama wima kando ya ubao, masikio yakimwaka moto, mpaka walipomaliza. Kochi lilipakiwa kwenye mkokoteni likiwa uchi, likapelekwa kwa fundi mwingine, springi zikilia mtaa mzima kwenye kila shimo.

Jioni alimwambia mke wake akidhani atalaumiwa.

"Makochi yapo tele," mama alisema, akikung'uta shuka la kwao. "Watu hawataacha kukaa. Ule ubao umeufunika, au umeuacha kwenye vumbi?"

*

Siku ya ukaguzi baba aliubeba ubao kifuani, umefungwa kwa kanga ya mama, na Chiriku akatembea kando yake akiitangaza njia kuliko siku zote. Mama aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Aliwasindikiza mpaka mtaroni, akamwekea Chiriku kola sawa, akarudi bila kugeuka.

Walipewa chumba cha maktaba. Mwalimu mkuu alikuwepo, mwalimu wa taaluma alikuwepo, mwalimu wa hesabu alikuwa dirishani anauma kucha. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mtulivu, mwenye sauti nzito. Alisalimiana na Chiriku kwanza, kisha na baba.

Mwalimu wa taaluma aliufungua ubao, akaupindua huku na huku. "Lakini hapa tusidanganyane," alisema. "Maelekezo ni kuchora. Hii ni misumari na waya. Mtihani haujui misumari na waya."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndilo nililokuwa nikisema. Mzee, asante kwa juhudi zako. Unaweza kusubiri nje."

Baba aligeuka. Miguu ilishaanza kutii. Kisha akasimama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

"Naomba kuuliza, mwalimu. Mimi hesabu sijui. Swali la mtihani limeandikwaje? Linasema lazima kalamu?"

Ofisa akavuta karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, akasoma kwa kidole.

"Linasema: onyesha umbo la grafu, na sehemu zote inapogeuka." Akainua macho. "Kalamu haikutajwa. Baba, baki tu. Kaa hapo."

Palikuwa na kiti. Baba akaketi.

Ofisa aliandika mlinganyo, akamsomea Chiriku kwa sauti: tatu eksi kipeo cha nne, toa nne eksi kipeo cha tatu. Chiriku aliurudia, akaomba usomwe tena, kisha akavuta mashine yake ya nukta nundu. Ikawa inagonga, ta-ta-ta, inanyamaza, inagonga. Baba alimtazama mwalimu wa hesabu ajue kama mambo ni mazuri, lakini mwalimu alikuwa ameacha kucha na sasa anauma ukosi wa blauzi.

Chiriku akahamia kwenye ubao. Alitafuta makutano ya zile kamba mbili kwa kidole cha shahada, akaweka pini. Akahesabu miraba kwenda kulia, akashuka, akaweka pini ya pili. Akaweka nyingine kwenye mstari wa mlalo, mbele kidogo. Kisha akachukua waya. Ulitoka juu kushoto, ukishuka kwa ukali. Ulipofika kwenye makutano aliulaza, ukawa bapa kabisa, na hapo baba akajua: hapa unageuka. Lakini Chiriku hakuugeuza. Aliulaza, kisha akauinamisha tena ukaendelea kushuka, mpaka pini ya chini. Pale ndipo alipoulaza mara ya pili, akaupandisha, ukavuka mstari wa mlalo, ukaenda juu kulia.

Mwalimu wa taaluma alisogea. "Pale katikati mteremko ni sifuri, na hukugeuza," alisema.

"Kwa nini hukugeuza?" ofisa akauliza. Alikuwa ameegemea mbele, na swali lake halikuwa la mtego. Alitaka kusikia.

Chiriku akainua uso, na ulimi ukafunguka.

"Kwa sababu sifuri peke yake haitoshi, mwalimu. Mteremko wa mlinganyo huu ni kumi na mbili eksi mraba, mara eksi toa moja. Unakuwa sifuri mahali pawili, kwenye sifuri na kwenye moja. Wengi wakishaona sifuri wanageuza hapo hapo. Lakini mimi nauliza, kabla ya hapo ulikuwaje, na baada ya hapo ukawaje? Eksi mraba haiwi hasi hata siku moja. Anayeamua ni ile eksi toa moja, na huyo ni hasi mpaka tufike kwenye moja. Kwa hiyo kabla ya sifuri grafu inashuka, na baada ya sifuri bado inashuka. Imepumzika tu pale. Mkunjo wake ndio uliobadilika, mwelekeo haukubadilika. Inageuka mara moja tu, kwenye moja, chini kwa moja. Naweza kuwaonyesha na mahali pengine mkunjo unapobadilika, kwenye theluthi mbili, hapa." Akaweka kidole. "Si mbali na nusu ya njia ya kushuka. Niendelee?"

"Inatosha, mwanangu," alisema ofisa, akicheka. "Ukiendelea utanichukulia kazi."

Alipitisha kidole chake mwenyewe juu ya waya, kuanzia kushoto. Alipofika katikati alikaa pale kidogo. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu.

"Bodi ya mitihani nitaiandikia mimi. Siwezi kuwaahidi watajibu nini, na nisiwadanganye kwamba wanajibu upesi. Lakini hapa shuleni kwako, huyu ni mwanafunzi wa hesabu."

Mwalimu mkuu alitazama ubao muda mrefu. Alipumua, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo ambao hakuupenda. "Kesho uwe darasani kwako," alimwambia Chiriku, akimtazama yeye mwenyewe. "Na ujue sipendi wachelewaji."

"Mimi sichelewi, mwalimu. Anayechelewa ni baba."

Mwalimu wa hesabu alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akaenda kufuta miwani. Baba hakulia. Alikaa kwenye kile kiti, mikono juu ya magoti, kifua kimemjaa mpaka akaogopa vifungo vya shati. Alitaka kumpigia mke wake, na hakuweza kukumbuka simu ameiweka mfuko gani.

Ofisa alikuwa ameshatoka wakati kengele ilipolia. Habari zilikuwa zimetangulia, maana mlango wa maktaba ulisukumwa, wakaingia wanafunzi wenzake, wanasukumana, wanataka kuuona huo ubao. Mmoja wao, kijana mrefu ambaye alikuwa akilifuta na kulichora upya swali la namna hii mpaka karatasi inatoboka, alisema hajawahi kuelewa sehemu inayolala bila kugeuka.

"Fumba macho," alisema Chiriku. "Na wewe. Wote fumbeni. Mkitazama mtababaika."

Wakafumba. Akamshika yule kijana kidole, akakiweka juu kushoto mwa waya, na akaanza kumwongoza kushuka, taratibu, akimwambia nini kinakuja kabla hakijafika. Wengine walingoja zamu, macho wameyafumba kweli kweli, kimya kama watu walio kwenye sala.

Mwalimu mkuu alimwona baba amesimama mlangoni, hajaondoka.

"Mzee, sasa unaweza kwenda," alisema, kwa upole wa kweli safari hii. "Binti yuko salama."

"Nitakwenda, mwalimu," alijibu baba, bila kuondoa macho kwenye vidole viwili vilivyokuwa vikiteremka pamoja juu ya ubao. "Wacha kwanza waanze kupanda."